Mapacha, ngazi na uzi unaokatika: maswali yenu kuhusu nadharia ya Einstein

Toleo lililopita tuligusia tu kwamba spidi ya mwanga ni ileile kwa kila anayeipima, kilomita 299,792 kwa sekunde, awe katulia au anakimbia, na maswali yakamiminika. Nimeyasoma yote. Karibu yote yanakwama sehemu moja, watu wanakumbuka kwamba saa inayokwenda inapungua mwendo, wanakumbuka kwamba kitu kinachokwenda kinafupika, ila jambo la tatu hawalikumbuki kabisa na hilo la tatu ndo linalofungua vitendawili vyote. Mtaliona linavyojitokeza.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi. Tunaambiwa pacha mmoja akisafiri na roketi kwa spidi kubwa, akirudi anakuta mwenzake kazeeka kumzidi. Lakini si tulifundishwa mwendo ni wa kulinganisha? Huyo wa kwenye roketi naye si anaweza kusema yeye katulia, dunia ndo imeondoka ikarudi? Mbona asizeeke yeye?

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza penyewe kabisa, maana wengi wanaishia kuuliza kama kweli saa inaweza kupunguza mwendo, wewe umekwenda mbele ukauliza kwa nini isiwe sawa kwa wote wawili, na hapo ndo kitendawili kilipo. Einstein kwenye andiko lake la 1905 alishasema saa ikizungushwa ikarudishwa ilikotoka itakuwa nyuma ya ile iliyobaki, na mwaka 1911 Mfaransa Paul Langevin akamweka mtu ndani ya safari hiyo, msafiri anakaa miaka 2 akirudi duniani imeshapita 200, na swali lako limekuwa likiulizwa tangu hapo.

Tuchukue namba ndogo za kuhesabika. Kurwa anabaki, Doto anaenda kwenye nyota iliyo miakanuru 4 kutoka duniani, yaani mwanga wenyewe unatumia miaka 4 kufika huko, na roketi yake inakwenda asilimia 80 ya spidi ya mwanga. Kwa saa ya Kurwa kwenda ni miaka 5 na kurudi 5, jumla 10. Saa ya Doto kwa spidi hiyo inahesabu 0.6 tu ya hiyo, kwa hiyo kwenda 3 kurudi 3, jumla 6. Akishuka, Kurwa kamzidi miaka 4.

Sasa weka pembeni kwanza hayo maneno ya nani katulia na nani anakwenda. Waambie watumiane ujumbe kwa redio, kila mmoja saa yake mwenyewe ikitimiza mwaka anatuma salamu moja. Wakati wanaachana salamu zinafika kwa kuchelewa, kwanza kwa sababu saa ya mwenzako imepungua mwendo, halafu kila salamu ina njia ndefu kuliko iliyotangulia, ukijumlisha yote mawili kwa spidi hii kila mmoja anapokea salamu 1 kila baada ya miaka 3. Wako sawa kabisa. Wakikaribiana inageuka, kila mmoja anapokea salamu 3 kwa mwaka, na hapo pia wako sawa.

Tofauti inakuja kwenye *lini* salamu zinabadilika kutoka taratibu kwenda haraka. Kwa Doto zinabadilika palepale anapogeuza roketi, katikati ya safari yake. Miaka 3 ya kwenda anapokea salamu 1, miaka 3 ya kurudi anapokea 9, jumla 10, ndo umri ambao Kurwa kauongeza. Kwa Kurwa je? Doto anageuka mwaka wa 5, lakini habari ya kugeuka inasafiri kwa mwanga kutoka miakanuru 4, kwa hiyo Kurwa anaiona mwaka wa 9! Miaka 9 nzima anapokea salamu za taratibu, zinakuwa 3, halafu mwaka mmoja wa mwisho zinamiminika 3 nyingine, jumla 6. Zimetumwa 6 zimepokelewa 6, zimetumwa 10 zimepokelewa 10, hakuna salamu iliyopotea na hakuna wa kubisha.

Kwa hiyo jibu la "mbona asiseme yeye katulia" ni hili: Kurwa amekaa kwenye mwendo mmoja mwanzo mpaka mwisho, Doto amekuwa na miendo miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na alipobadilisha aliusikia mwilini, roketi ilimsukuma. Hawajawahi kuwa sawa.

Lakini usikimbilie kusema huo msukumo ndo umemfanya abaki kijana, hapa hata vitabu vingine vinateleza. Weka msafiri wa tatu ambaye tayari anakuja kuelekea duniani kwa spidi ileile, anapishana na Doto pale kwenye nyota, anaisoma saa ya Doto dirishani inasema miaka 3, anaiweka yake isome 3 anaendelea zake bila kugusa breki wala kubadilisha chochote. Akimpita Kurwa saa yake inasoma 6 na ya Kurwa 10, na hakuna aliyesukumwa njiani. Na maabara ya CERN kule Ulaya, wanakochunguza chembe ndogo za maada, kwenye matokeo waliyotoa 1977 walizungusha muoni, chembe ndogo kuliko atomi zinazoishi kitambo kidogo tu kisha zinavunjika, kwenye duara la sumaku, zikawa zinavutwa kwa nguvu isiyosemeka, na bado muda wao wa kuishi ukarefuka kiasi kilekile ambacho spidi peke yake inadai, mara 29 hivi, kutoka maikrosekunde 2.2 (maikrosekunde ni moja ya milioni ya sekunde) kwenda karibu 64. Kule kuvutwa hakukuongeza kitu.

Mimi naliona hivi. Magari mawili yametoka mji mmoja yakafika mji mwingine, moja limenyoosha na lingine limezunguka, kilomita walizosoma zitatofautiana na hakuna atakayesema ile kona ilitengeneza kilomita, njia zenyewe ndo hazilingani urefu. Hermann Minkowski mwaka 1908 alionyesha kwamba muda na nafasi ni kitu kimoja cha kupimwa pamoja, na saa unayobeba inapima urefu wa njia yako humo ndani, ila huku kuna tofauti moja kubwa, aliyenyoosha ndo anahesabu muda mwingi zaidi, na kila anayezunguka anahesabu mdogo.

Mimi bado hainiingii. Kabla hata hajageuka, mnasema Kurwa anaona saa ya Doto iko taratibu na Doto naye anaona ya Kurwa iko taratibu. Haiwezekani saa mbili kila moja iwe nyuma ya mwenzake. Mmoja wao si anakosea?

Hakuna anayekosea kaka, na hapa ndo lile jambo la tatu linaingia, naomba usome taratibu.

Jiulize kwanza, ili useme saa inayokupita iko taratibu unafanyaje? Ukiilinganisha na saa yako mara moja tu hujajua kitu, inabidi ulinganishe mara mbili, na mara ya pili saa hiyo imeshafika mbali, kwa hiyo unahitaji saa yako nyingine kule ilikofika. Upande wa Kurwa basi kuna saa mbili, moja duniani na moja kwenye nyota, na Kurwa kahakikisha zinakwenda pamoja. Doto akiondoka saa ya duniani inasoma 0 na yake 0, akifika kwenye nyota saa ya kule inasoma 5 na yake 3. Kurwa anasema, umeona, yako iko taratibu.

Doto anajibu hapana, hizo saa zako mbili haziko pamoja! Kwangu mimi nilipoondoka ile ya kwenye nyota ilikuwa tayari inasoma miaka 3.2, halafu ndani ya miaka yangu 3 imesogea 1.8 tu, ndo maana nimeikuta 5. Ya kwako ndo iko taratibu. Jumlisha 3.2 na 1.8 uone. Wote wawili wanakubali kwamba pale walipokutana na saa ya nyota moja ilisoma 5 na nyingine 3, hilo limeandikwa halifutiki, wanachopishana ni saa ya kule ilikuwa inasoma ngapi *wakati* Doto anaondoka huku. "Wakati huohuo" kwa sehemu mbili zilizo mbalimbali si kitu kimoja kwa wote. Hilo ndo jambo la tatu, na ukilishika umemaliza kazi kubwa.

Kwa hesabu ya Doto saa ya Kurwa inasogea 1.8 kwenda na 1.8 kurudi, jumla 3.6 badala ya 10, na ukitaka kujua ile miaka iliyokosekana ilikwenda wapi, angalia hapo hapo. Akiwa kwenye nyota kabla hajageuka anasema saivi kwa Kurwa ni mwaka wa 1.8. Akishageuka anasema saivi kwa Kurwa ni mwaka wa 8.2. Kurwa hajaruka popote, kakaa zake, ni Doto kabadilisha maana ya "saivi" alipobadilisha mwendo.

Habari za kazi. Mimi ni fundi, nimesoma kuhusu ngazi na banda. Mwenye banda anasema ngazi imefupika inaenea ndani, mwenye ngazi anasema banda ndo limefupika ngazi haienei. Sasa milango ilifungwa au haikufungwa? Kitu hakiwezi kuenea na kisienee.

Nzuri fundi, karibu. Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu linatulazimisha tuseme jibu moja.

Ngazi ni ya mita 10, banda ni la mita 6 lina mlango mbele wa kuingilia na mlango nyuma wa kutokea, na ngazi inakuja kwa asilimia 80 ya spidi ya mwanga. Kwa mwenye banda ngazi ina mita 6, kwa hiyo kuna nukta moja ya muda ambapo inaenea sawasawa, hapo anafunga milango yote miwili kwa pamoja na kuifungua papo hapo, ngazi inatoka salama. Kwa anayekimbia na ngazi, ngazi ni mita 10 kama kawaida na banda linalomjia lina mita 3.6.

Milango ilifungwa. Yote miwili, na haikugonga ngazi, na wote wawili wanakubali hilo. Ila mwenye ngazi hakubali kwamba ilifungwa kwa pamoja. Kwake mlango wa kutokea ulifungwa na kufunguliwa kwanza, wakati ncha ya mbele ndo inaufikia na mkia bado uko nje mita 6.4 upande wa kuingilia, halafu ncha ikatoka, na nanosekunde 27 baadaye (nanosekunde ni moja ya bilioni ya sekunde) mkia ukawa umeshaingia ndo mlango wa kuingilia ukafungwa. Kwake ngazi haikuwahi kuwa yote ndani, na haikuhitaji kuwa ndani.

Utaniuliza kwa nini mpangilio ubadilike hivyo. Msimamishe mtu katikati ya banda, kila mlango ukifungwa uwashe taa. Mianga miwili inamfikia pamoja, hilo ni tukio moja sehemu moja na hakuna wa kulikana. Yeye anasema niko katikati, mianga imenifikia pamoja, basi milango ilifungwa pamoja. Mwenye ngazi anamwona mtu huyo anakwenda na banda lake, anaukimbilia mwanga wa mlango wa kuingilia na kuukimbia ule wa mlango wa kutokea, na kwa kuwa mianga yote ina spidi ileile kwake pia, kama imemfikia pamoja basi ule wa kutokea lazima ulitangulia kuwashwa. Hakuna ujanja mwingine, ni spidi ya mwanga tu kuwa moja kwa wote.

Sasa wewe kama fundi najua unachowaza, vipi mlango wa nyuma ukiwa ni ukuta wa chuma usiofunguka? Hapo mwenye ngazi anaonekana kashinda, maana ncha itagonga ukuta na mkia uko nje mita 6.4, utaingiaje? Unaingia, fundi. Ncha ikigonga, mkia haujui! Habari ya kugonga inapita ndani ya ngazi yenyewe, na hata ingekwenda kwa spidi ya mwanga, mita 10 ni nanosekunde 33, wakati mkia unahitaji 27 tu kufika mlangoni. Kwa hiyo mkia unaendelea kuja kana kwamba hakuna kilichotokea, ngazi inakunjamana kuanzia mbele, na mlango wa kuingilia unafungwa nyuma yake kweli. Wote wanakubali, ngazi iliyopondeka imo ndani ya banda. Kitu kigumu kabisa kisichopindika wala kubonyea hakipo duniani, nadharia hii inakikataza, na mtu akikubali hilo ugomvi wa ngazi unaisha.

Na hiki ndo kipimo ninachowaachia wote mnaoniandikia kwamba nadharia inajipinga yenyewe: nionyesheni tukio moja, sehemu moja, ambalo mmoja anasema limetokea na mwingine anasema halijatokea. Mlango kugusa ngazi, saa kusoma namba fulani walipokutana, uzi kukatika. Mkilipata hilo nadharia imekufa. Kupishana kuhusu urefu, au kuhusu nini kilitangulia kati ya matukio ambayo hata mwanga haukuweza kutoka kwa moja kufika kwa jingine, huko si kujipinga.

Nikiwa na fimbo ya chuma ndefu mwakanuru mmoja nikaisukuma huku, ule upande wa pili si utasogea hapohapo? Nimeshinda mwanga.

Hapana ndugu, hili ni mtoto wa lile la ngazi. Ukisukuma chuma unabana atomi za mwanzo, zinasukuma zinazofuata, na msukumo huo unakwenda kwa spidi ya sauti ndani ya chuma, kilomita kama 5 kwa sekunde. Upande wa pili utasogea baada ya miaka 60,000 hivi.

Vipi tochi ya leza nikiipitisha haraka kwenye mwezi? Na roketi mbili zikija uso kwa uso kila moja asilimia 80, si zinakaribiana kwa asilimia 160?

Doa la leza linaweza kweli kuzidi. Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474, ukilivusha doa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ndani ya moja ya mia ya sekunde limekwenda zaidi ya kilomita 347,000 kwa sekunde. Ila hakuna kitu kilichotoka ukingo huu kwenda ule, kila chembe ya mwanga imetoka mkononi kwako, na aliye ukingo mmoja hawezi kutumia doa hilo kumtumia mwenzake habari. Za roketi, wewe uliyesimama katikati unaona nafasi kati yao inapungua kwa asilimia 160, sawa kabisa, hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini aliye ndani ya roketi moja akipima spidi ya nyingine anapata asilimia 97.6, spidi hazijumlishwi kwa kuziweka juu ya nyingine tu.

Mwalimu mimi nauliza kitu kimoja tu: huu ufupi ni wa kweli au ni macho tu?

Dada umeniwekea gumu mwishoni na nashukuru. Macho kwanza tuyaweke mbali, maana ukiangalia kitu kinachopita kasi sana mwanga wa sehemu zake za mbali umechelewa kutoka, na mwaka 1959 Roger Penrose na James Terrell kila mmoja kivyake alionyesha kwamba kinachoonekana ni kama kitu kimezungushwa, tufe linabaki na mzingo wa duara. Kwa hiyo ufupi tunaousema ni wa kupima, siyo wa kutazama.

Na una athari. Muoni zinazaliwa juu kabisa kwenye angahewa, zikiwa zimetulia zinaishi kwa wastani maikrosekunde 2.2, muda ambao mwanga wenyewe haufiki mita 700. David Frisch na James Smith walizihesabu juu ya Mlima Washington kule Marekani wakapata karibu 560 kwa saa, halafu wakahesabu usawa wa bahari, chini kama mita 1,900. Bila nadharia hii zilitakiwa zibaki kama 27. Zilibaki karibu 400. Matokeo yalichapishwa 1963. Sisi tunasema saa za muoni zilikwenda taratibu ndo maana zimefika, muoni ingesema saa yangu ni ya kawaida, mlima wenu ndo ulikuwa mfupi. Namba ya zilizofika chini ni moja kwa wote.

Kilichonishawishi mimi zaidi lakini ni uzi. Roketi mbili zimetulia moja nyuma ya nyingine, katikati kuna uzi mwembamba umenyooka haujalegea. Zinawashwa kwa wakati mmoja kwa saa za aliyebaki chini, na zinaongeza kasi kwa kiasi kilekile. Uzi utakatika? E. Dewan na M. Beran waliliandika mwaka 1959, na John Bell akaeleza mwaka 1976 kwamba aliliuliza pale CERN na wanafizikia wengi wakamwambia haukatiki, wakafikiria tena wakabadilisha. Unakatika. Kwa aliyebaki chini umbali kati ya roketi haubadiliki kwa kuwa zinakwenda sawasawa, lakini uzi kwa spidi hiyo unataka kuwa mfupi na hauruhusiwi, unavutika mpaka unakatika. Wa ndani ya roketi hawasemi uzi umefupika, wanasema mwenzetu wa mbele kazidi kuondoka, na hapo ndo "wakati mmoja" inarudi tena, maana yale matukio ambayo aliye chini anayaita ya pamoja kwao wa mbele kayatangulia, kaongeza kasi mapema zaidi, kamwacha wa nyuma. Sababu mbili tofauti, uzi mmoja uliokatika.

Ukitaka uzi usikatike inabidi roketi ya nyuma iongeze kasi zaidi kidogo kuliko ya mbele, mfululizo, na ukifanya hivyo saa zao hazitalingana tena, ya nyuma itakuwa inahesabu muda mdogo kuliko ya mbele. Einstein alishaliona jambo la aina hiyo mwaka 1907 na kutoka hapo akaanza kuuliza kuhusu saa iliyo chini na saa iliyo juu kwenye graviti, yaani nguvu ya uvutano, na mwaka 2010 saa za atomi zilizoachana urefu wa sentimita 33 tu zilionyesha ya juu inakwenda haraka zaidi.